Sampuli ya Bibi Afya

Alipanda ngazi kwa kidole. Mkono wa kushoto ulishika baibui lisiburuzike, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilipita juu ya reli kuanzia chini hadi ghorofa ya tatu. Kisha alikinyanyua kwenye mwanga wa dirisha la ngazi na kukitazama kama mtu anayesoma. Kikiwa cheusi, mlango wa jirani mwenye zamu uligongwa.

"Nani zamu yake leo?"

"Sisi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hiki nini?"

"Vumbi, Bibi."

"La wapi?"

Wengi walijibu la barabarani, naye aliwauliza kama barabara ilipanda ngazi kwa miguu yake. Mimi niliwahi kumwambia kwamba Kariakoo nzima ni vumbi, na kwamba kufuta reli ni kujisumbua kwa kuwa kabla ya adhuhuri litakuwa limerudi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimesoma sosholojia, nina tabia ambayo bado sijaiacha ya kukiuliza kila kitu kwa nini kipo. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza, kidole chake bado hewani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kitambaa kiko wapi?"

Tulimwita Bibi Afya kwa sababu ndiyo kazi aliyostaafu nayo. Alikuwa bibi afya wa kata, mkaguzi wa vyoo, mabucha, migahawa na masufuria ya mama ntilie. Jina lake nalijua, lakini kwenye jengo letu hakuna aliyelitumia na sioni sababu ya kuanza mimi. Kwao wapi, baba yake nani, sikuwahi kumuuliza, na kwangu mimi hilo ni jambo la ajabu. Nadhani alionekana kama mtu aliyeanza tu, siku moja, akiwa tayari na miwani na koti jeupe.

Koti hilo bado alikuwa nalo. Alilivaa Jumamosi ya usafi, juu ya dera, vifungo vyote vimefungwa, akasimama mlango mkubwa wa jengo kukagua kila anayetoka na ndoo. Neno lake lilikuwa moja: "Nionyeshe mikono." Aliwaambia watoto, aliwaambia mafundi bomba, alimwambia mpangaji mpya hata kabla hajajua anaitwa nani. Siku ya harusi ya binti wa ghorofa ya pili, bwana harusi alipopanda ngazi na wapambe wake, kanzu inanukia udi, alimsimamisha.

"Nionyeshe mikono."

Wapambe walicheka. Bwana harusi akaonyesha. Bibi Afya akamgeuzia viganja, akaangalia kucha moja moja, akasema, "Pita."

Mama yangu alimheshimu kuliko padri, na mama yangu ni Mchaga wa kanisa kwelikweli. Ana duka la vitenge chini ya jengo hilohilo, hakosi jumuiya, lakini pia hamkopeshi mtu asubuhi kabla hajauza kitu cha kwanza, na mteja wa kwanza akiondoka bila kununua anamwaga maji mlangoni. Nilipomuuliza sababu, aliniambia elimu yangu nikaifanyie ofisini. Bibi Afya alipopita mbele ya duka, mama alifagia upya mahali alipokwisha kufagia.

Sasa niseme lile ambalo jengo zima lilijua na hakuna aliyelitamka mbele yake.

Nyumbani kwake kulijaa manyoya ya paka.

Reli iling'aa mpaka mlangoni kwake. Kizingiti kilikuwa cheupe. Ukivuka tu, ulikuwa katika nchi nyingine. Manyoya kwenye makochi, kwenye mapazia, kwenye vitambaa alivyofuma mwenyewe vya kufunika redio. Aliwafuga paka wanne ndani kwa ndani, jambo ambalo kwetu halijazoeleka. Paka wa Kariakoo ni wa mtaroni na wa bucha, anakula anachoiba. Hawa wake walilala kwenye mito, na aliwapa majina ya serikali: Karani, Mtendaji, Mjumbe na Diwani. Diwani ndiye aliyekuwa mweupe na mnene, asiyefanya lolote, na ndiye aliyeacha manyoya kuliko wote.

Baibui jeusi na paka mweupe havifichani. Kabla hajashuka ngazi, Bibi Afya alisimama kwenye kona ya ukumbi wa ngazi akiwa ametugeuzia mgongo, akalowanisha kiganja kwa maji ya kopo aliloliweka pale, akajipangusa kuanzia begani kwenda chini, taratibu, upande mmoja kisha wa pili. Ukimkuta hapo, ulisubiri. Ulijifanya unatafuta funguo. Nilimkuta hivyo mara nyingi sana, na kila mara niliona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyekutwa. Alipomaliza aligeuka, akakutazama usoni kuona umeona kiasi gani, na hapohapo akauliza, "Nani zamu yake leo?"

Nilikuwa na nadharia yangu kuhusu wale paka, kama ninavyokuwa nayo kuhusu kila kitu. Nilisikia kwamba enzi za kazi yake, mojawapo ya kazi ilikuwa kutega sumu kwa wanyama wasio na mwenyewe sokoni. Nikaona hapo ndipo penye jibu: mwanamke anayelipa uzeeni alichokitenda ujanani. Siku moja nikamchokonoa.

"Bibi, hawa paka ni kwa sababu ya ile kazi ya zamani?"

"Kazi gani?"

"Ile ya sumu."

"Nani kakuambia?"

"Najiuliza tu."

"Basi jijibu." Akamkuna Mtendaji nyuma ya sikio. "Mimi nilipata panya, nikaleta paka. Paka akaleta wenzake. Usinitungie hadithi."

Nilimuuliza pia kwa nini asiwagawe. Akaniuliza mama yangu, ambaye ana kikohozi kisichoisha, mimi nimemgawa wapi. Nilimuuliza kwa nini basi asilitupe lile zulia la sebuleni, zito, lenye nyuzi ndefu, lililokamata manyoya kama gundi, abaki na sakafu ya vigae ambayo deki moja inaisafisha. Hapo hakunijibu kwa swali. Alisema zulia lile marehemu mumewe alilibeba begani kutoka bandarini mpaka juu, akakataa kusaidiwa, na watu wa hitima yake watakaa juu ya zulia lake.

Hitima ndiyo iliyomsumbua.

Kila mwaka aliwaita akina mama wa mtaa kumsomea marehemu. Walivua viatu kwenye ukumbi, wakakaa kwenye zulia, wakagawana juzuu. Baada ya dua ililetwa pilau kwenye masinia, watu wanne au watano sinia moja, mkono kwa mkono. Mimi si Mwislamu, lakini ni jirani, kwa hiyo nilijifunga kanga kichwani na kazi yangu ilikuwa kunawisha mikono na kubeba masinia. Pilau ya Bibi Afya ilikuwa na sifa. Mchele aliuchagua yeye mwenyewe, punje kwa punje, na miwani.

Mwaka ule mbaya, mwalimu wa madrasa ya akina mama, mwanamke mpole aliyeongoza kisomo, alikuwa anakula sinia la katikati. Aliacha kutafuna. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akavuta. Ukatoka unyoya mweupe, mrefu, ukaendelea kutoka. Aliuweka pembeni ya sinia, akanywa maji, akasema, "Mashallah, pilau tamu." Hakuna aliyecheka. Lakini mikono ilianza kupungua kwenye masinia, mmoja mmoja, kila mmoja akisema ameshiba. Bibi Afya alikuwa amesimama mlango wa jikoni na jagi la sharubati. Aliona yote. Alimimina sharubati kwa kila mtu, glasi zikajaa hadi ukingoni.

Mwaka uliofuata walikuja wote. Walisoma vizuri. Pilau ilipotoka, mmoja akasema ana haraka, afungashiwe. Wa pili naye. Kisha wote. Waliondoka na vyombo vyao vimefungwa, wakimshukuru, wakimbusu mkono. Jioni ile nilimkuta chini ya ngazi, kwenye pipa la taka la jengo. Ngazi ni zake, kwa hiyo na pipa ni lake. Alikuwa amefungua mfuniko na anatazama ndani. Vyombo vitatu, havijafunguliwa, na mvuke umeganda kwenye vifuniko.

Alipogundua niko nyuma yake alifunika pipa.

"Watu wanatupa chakula," alisema. "Italeta panya."

Nilipanda mbio. Sikutaka kumwona akipanda.

Ndiyo maana, hitima nyingine ilipokaribia, aligonga kwetu asubuhi mama akiwa dukani.

"Wewe msomi. Hiyo simu yako inazijua mashine za kufyonza vumbi?"

Ilizijua kupita kiasi. Kwa siku kadhaa tulikaa kwenye kochi lake, mimi na simu, yeye na miwani, Diwani katikati yetu akiacha ushahidi. Kila mashine, kwa maneno ya anayeiuza, ilikuwa bora kuliko zote. Nilimweleza nilichoweza kukichambua: kwamba namba kubwa ya wati kwenye boksi inakuambia mashine inakula umeme kiasi gani, haikuambii inavuta kiasi gani, kwamba kwa manyoya ya paka kinachotakiwa ni brashi inayozunguka pale mdomoni, iyakwangue kwenye nyuzi, kwamba zile za mfuko ni safi kumwaga, lakini mifuko ikiisha Kariakoo utaipata wapi.

"Na manyoya yakishaingia yanakwenda wapi?"

"Kwenye kopo, Bibi. Unalimwaga."

"Kopo linaoshwa kwa maji ya moto?"

"Ni plastiki. Litapinda."

"Kwa hiyo halioshwi."

"Linaoshwa kwa maji ya baridi."

"Nimekwambia, halioshwi." Akatafakari. "Inapiga kelele?"

"Zote zinapiga kelele."

"Diwani ana moyo mdogo."

Tulicheka sana siku zile. Nasema hivyo kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani ilikuwa huzuni tupu. Nilipenda kukaa na mtu mwingine asiyeamini maneno ya kwenye boksi. Kwa hiyo aliponionyesha mfuko mweusi wa nailoni, umevimba kama una pamba, nilifurahi.

"Nini hicho?"

"Sampuli."

Alikuwa ameyakusanya makochini kwa kiganja chenye maji, siku kadhaa, akayakausha. Katika kazi yake, alieleza, hutakiwi kukubali maneno ya mwenye mgahawa; unachukua kidogo cha kitu chenyewe, unakipima. Muuzaji atamwaga mchele na unga akuonyeshe mashine inavyomeza. Yeye kwake hamwagi mchele. Mashine ijaribiwe kwa kile itakachokula. Niliona hiyo ndiyo akili kubwa niliyoisikia tangu niondoke chuoni. Wala mimi, niliyelelewa dukani, sikuwaza tunakoipeleka sampuli hiyo.

Tulikwenda asubuhi na mapema, kwa sababu alipenda soko likiwa halijachafuka. Maduka ya vyombo vya umeme yalikuwa yanafungua. Tukaingia la kwanza lenye mashine nje. Kijana muuzaji alitupokea kwa furaha.

"Shikamoo mama! Karibu, wewe ndiye unatufungulia leo. Mashine hii kali, orijino, inavuta mpaka mawazo."

Alitandika kipande cha zulia, akamwaga mchele na majivu, akawasha. Mashine ikaunguruma, zulia likawa safi. Akatutazama kama mtu aliyefunga goli.

"Kwangu simwagi mchele," alisema Bibi Afya.

Akafungua mkoba, akatoa mfuko mweusi, akaupindua. Fundo la manyoya likaanguka juu ya kile kipande cha zulia, katikati ya duka. Akalisambaza kwa mguu, akalikanyagakanyaga lishike vizuri, meupe, meusi, ya kijivu.

"Haya, washa."

Kijana alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu. Kutoka kaunta, tajiri wake, aliyekuwa anakunywa chai, alisimama na kikombe.

"Mama! Umemwaga nini dukani kwangu?"

"Sampuli."

"Nywele? Nywele, asubuhi hii, sijauza hata balbu?"

Hapo nikafungua mdomo, nikiamini kwamba ukweli ukielezwa vizuri unatosha. "Siyo nywele, bosi. Ni manyoya ya paka tu."

"Ya paka!" Tajiri aliweka kikombe. "Bora yangekuwa ya mtu! Jamani njooni muone chuma ulete!"

Kwa asiyeijua Kariakoo: chuma ulete ni yule anayeaminika kuingia dukani kwako na dawa, akatoka, na kuanzia siku hiyo fedha yako ikawa inamfuata yeye. Mfanyabiashara anayelicheka neno hilo jioni, asubuhi analiogopa. Mlango ulijaa watu kabla sijajua nigeukie wapi.

"Paka wa rangi gani?" aliuliza mtu.

"Mweupe," nilisema.

"Na haya meusi?"

"Kuna mweusi pia."

Watu wakaguna kwa pamoja. Ni mimi tena niliyesema hivyo. Nilisikia uso unaungua mpaka masikioni. Bibi Afya alijaribu njia ya kikazi.

"Kijana, washa mashine yako, itayavuta, yataisha. Hiyo ndiyo kazi yake."

"Mashine yangu isiguse uchafu huo!" alipiga kelele tajiri. "Uyaokote. Kwa mkono wako. Moja moja. Na usiache hata moja."

Akapiga magoti. Sikutegemea. Nilidhani atamwambia amwonyeshe mikono. Aliomba maji, hakuna aliyempa, basi akalowanisha kiganja kwa ulimi, mbele ya watu wote, akaanza kupangusa zulia la duka kuanzia ukingoni. Nikapiga magoti upande wa pili. Manyoya yalikuwa yameshika kama alivyotaka yashike.

Mwanamke wa makamo mwenye chupa kubwa za chai, anayewauzia wenye maduka, alijipenyeza mbele. Akainama kumtazama usoni.

"Yaani nilijua tu hii sauti. Bibi Afya!"

Bibi Afya hakuinua kichwa.

"Hunikumbuki? Maharage yangu, sufuria nzima, mtaroni. Kisa unywele. Unywele mmoja, jamani, na watoto nyumbani wanasubiri!"

"Nakukumbuka," alisema Bibi Afya, bado anapangusa. "Na leo ningeyamwaga tena."

Watu walipiga kelele za kushangilia. Kariakoo inapenda mtu asiyerudi nyuma. Lakini mama wa chai hakucheka. Alionyesha mfuko mweusi kwa kidevu.

"Na hayo? Nani akayamwage kwako?"

Ni swali zuri. Ningekuwa darasani ningelisifu. Bibi Afya alisimamisha mkono juu ya zulia. Kisha akaendelea kupangusa. Nimewaza sana ukimya ule. Nimeona watu wakiumbuka na kujitetea, kutukana, kulia, kumwita Mungu. Yeye alilikubali swali kwa sababu lilikuwa sahihi, na kwa sababu, nadhani, lilikuwa la kwake tangu zamani.

Tulirudi nyumbani tukipita upande wa kivuli. Kwenye kona ya ukumbi alisimama kama kawaida, akalowanisha kiganja, akajipangusa magotini, lakini safari hii hakunigeuzia mgongo. Alinisahau au alichoka, sijui. Mama, habari zilikuwa zimemfikia kabla yetu, alimwaga maji mlangoni pa duka lake na kuniambia nina digrii ya ujinga.

Kabla wiki haijaisha, Bibi Afya alinunua mashine mtaa mwingine. Nilikwenda naye. Muuzaji alimwaga mchele, mashine ikameza, na yeye, aliyewahi kurudisha ndizi kwa sababu ya nzi, akasema, "Mashallah, inafaa." Hakuuliza kopo linaoshwaje. Hakugusa kitu. Nilichungulia mwenyewe chini ya mashine, nikaona brashi inayozunguka ipo, nikamfanyia ishara, naye akaangalia pembeni kana kwamba nimemfanyia ishara mbele ya polisi.

Haikuwa mashine mbaya. Kila asubuhi tuliisikia ikiunguruma juu yetu, na paka wote walihamia juu ya kabati. Kila asubuhi ilitoa fundo la kijivu la ukubwa wa ngumi. Manyoya yalijizungusha kwenye brashi mpaka ikagoma, naye alikaa chini na mkasi, akayakata, akayavuta, akaanza tena. Zulia likarudi kuwa jekundu. Nilikuwa sijui kuwa ni jekundu. Lakini Diwani alishuka kabatini kila jioni, akachagua katikati ya zulia, akajinyoosha.

Siku ya hitima paka walifungiwa chumbani. Mashine aliiweka wazi pembeni ya sebule, imefutwa, waya umekunjwa, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Akina mama waliiona. Waliisifu.

"Bibi, zulia limekuwa jipya!"

"Hebu gusa! Kama la dukani."

"Na kelele zake zile, kumbe ndiyo hii!"

Mwalimu wa madrasa alipitisha kiganja kwenye zulia kwenda na kurudi, akakitazama kiganja, akakaa. Bibi Afya alikuwa anamtazama mkono. Walisoma. Sauti zilikuwa nzuri, dirisha wazi, honi za mtaani zikiingia katikati ya aya, na mimi nikajikuta natamani kitu kwa nguvu ambayo watu wa imani huita kuomba.

Nikabeba sinia la kwanza, nikaliweka katikati. Pilau ilikuwa inatoa moshi. Nikaleta birika na bakuli la kunawia. Hakuna aliyenyoosha mikono.

"Bibi," alisema mmoja, kwa upole sana, "mimi naomba unifungashie. Nimeacha mgonjwa."

"Na mimi, Bibi. Watoto wanatoka shule."

Mwalimu wa madrasa aliinamisha kichwa. "Nifungashie kidogo tu, dada yangu. Tumbo limenisumbua tangu jana."

"Hamna shida," alisema Bibi Afya. "Hamna shida kabisa."

Akaingia jikoni, nikamfuata. Vyombo vya kufungashia vilikuwa tayari mezani, vimeoshwa, vimepangwa, vifuniko pembeni. Alikuwa amevinunua mapema. Akaanza kujaza, mkono mwepesi, nyama mbili kila chombo, kila kifuniko akikibonyeza pembe zote. Aliwasindikiza mpaka ukumbini, akawashikia mikoba wakati wanavaa viatu, akawacheka wanaoyumba.

Aliporudi alikaa kwenye zulia, mbele ya sinia ambalo halikuguswa. Nilikaa naye. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani kuhusu watu na ujinga wao, jinsi zulia lilivyokuwa safi kuliko makochi yao. Nilianza.

"Bibi, hawa watu hawana hata sababu—"

"Wanayo." Alivua mtandio, akajipepea nao. "Ningekuja hapa kikazi, ningeifunga nyumba hii."

Nikanawa, nikasogea karibu na sinia, nikaanza kukusanya tonge.

"Angalia kwanza," alisema.

"Nimeangalia."

"Hujaangalia, nimekuona. Kila kitu unakichunguza, leo umekuwaje?"

"Basi kagua wewe, Bibi. Wewe ndiye mwenye kazi."

Nilisema kwa utani. Yeye alichukua miwani kwenye kifua cha dera, akaivaa. Akalivuta sinia kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kuchambua wali kwa ncha za vidole, upande wake kwanza, fungu kwa fungu, akiunyanyua na kuuachia, kimya, mgongo umenyooka. Alikuwa mtu mwingine. Hivi ndivyo walivyomwona wale waliomkimbia na masufuria yao. Alimaliza upande wake, akaingia wangu.

Vidole vilisimama. Viwili vikakutana, vikavuta kitu kidogo sana kutoka kwenye wali, vikakishika hewani kwa muda ambao mtu anahitaji kuwa na hakika. Kisha mkono ukashuka polepole chini ya ukingo wa sinia, ukajifuta kwenye dera, upande ambao alidhani sitauona.

Alivua miwani.

"Kula," alisema. "Iko safi."

Nikala.